Fiziotherapia ni taaluma moja yenye matawi mengi: mwanao aonwe na nani?

Mama akishaandikiwa rufaa ya fiziotherapia, swali la kwanza analoniuliza akitoka chumba cha daktari ni hili: "Nesi, hiyo ni sindano au vidonge?" Si sindano wala si vidonge. Swali la pili huja baada ya miezi miwili au mitatu, naye akiwa amechoka: "Mbona huyu ananiambia niende kwa yule, na yule ananirudisha kwa huyu?" Makala hii inajibu zaidi swali hilo la pili, kwa sababu ndilo linalowafanya akina mama wengi waache matibabu katikati.

Fiziotherapia ni nini

Ni tiba ya kurudisha, kulinda na kukuza uwezo wa mwili kujongea na kufanya kazi. Mtaalamu wake humpima mgonjwa namna anavyokaa, anavyosimama, anavyotembea, anavyopumua, na nguvu na ulaini wa misuli yake. Halafu hutibu kwa mazoezi, kwa mikono yake, kwa joto au baridi, kwa kumpanga mgonjwa alale au akae vizuri, na kwa kumfundisha wewe mlezi. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtaalamu atamshika mwanao kwa nusu saa, lakini wewe unakaa naye siku nzima, unambeba kwa mbeleko, unamwogesha, unamlisha. Tiba iliyo nyingi iko mikononi mwako.

Fiziotherapia si ukandaji wa nyumbani. Siwadharau mabibi zetu wanaokanda, mama aliyejifungua hufarijika kweli kwa maji ya moto na mikono ya mtu anayempenda. Lakini kumkanda kwa nguvu mtoto ambaye mguu umekakamaa au mkono umelegea ni jambo jingine. Mifupa ya mtoto asiyesimama wala kutembea huwa dhaifu, inaweza kuvunjika. Kama mwanao ana tatizo la viungo, usimpeleke kwa mtu wa kumnyoosha kabla hajapimwa hospitali.

Shina ni moja

Wataalamu wote wa fiziotherapia husomea shina moja kwanza: mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, moyo na mapafu, na namna mwanadamu anavyojifunza kujongea tangu tumboni hadi uzeeni. Hapa Tanzania jina la kwanza kutajwa katika mafunzo hayo ni KCMC, Moshi, ambako wanasoma stashahada na shahada. Anayetoka chuoni anatakiwa aweze kumhudumia mtu yeyote: mzee aliyepooza upande mmoja, kijana aliyevunjika paja kwenye pikipiki, mtoto mchanga, mama mwenye maumivu ya kiuno.

Jambo moja linanifurahisha mimi kama muuguzi. Huko Uingereza taaluma hii ilijengwa na wauguzi. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa kike walianzisha chama cha kulinda heshima ya kazi ya kukanda wagonjwa, kwa sababu wakati ule kazi hiyo ilikuwa imeharibiwa jina na watu wasio na mafunzo. Baadaye vita vya dunia na magonjwa ya polio viliongeza hitaji la wataalamu hao nchi nyingi. Mwaka 1951 vyama vya nchi mbalimbali viliungana vikaunda shirikisho la dunia, linaloadhimisha Siku ya Fiziotherapia kila tarehe 8 Septemba. Ndani ya shirikisho hilo kuna vikundi vya watoto, vya afya ya wanawake, vya mishipa ya fahamu na vingine, lakini vyote viko chini ya paa moja.

Polio tunaikumbuka hata sisi. Ukipita sokoni utawaona watu wazima wanaotembea kwa gongo, mguu mmoja mwembamba. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya virusi vya asili nchini alipatikana mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ikathibitishwa kuwa imeitokomeza. Chanjo ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwa hiyo usiruke matone ya mwanao.

Matawi

Baada ya shina, mtaalamu anaweza kuendelea kusoma au kufanya kazi muda mrefu katika eneo moja hadi akabobea. Maeneo yanayowahusu sana wasomaji wa ukurasa huu ni mawili, watoto na wanawake, nayo nitayaeleza kwa kirefu. Mengine nitayataja tu: mifupa na misuli (maumivu ya mgongo, mivunjiko, magoti), mishipa ya fahamu (kupooza, majeraha ya uti wa mgongo, ambayo hapa kwetu tunayaona pia kwa wachimbaji walioangukiwa na kifusi kwenye maduara), kifua na moyo, wazee, na michezo.

*Watoto.* Mtoto si mtu mzima mdogo. Aliyebobea kwa watoto hamwamrishi mwanao "inua mguu mara kumi". Anacheza naye. Anaweka kikombe mahali ambapo mtoto atalazimika kugeuka ili akichukue, na huko kugeuka ndiko tiba. Usishangae ukiona mtaalamu ameketi chini kwenye mkeka anapiga makofi, ukadhani umepotezewa nauli. Anaona watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye mgongo wazi, waliochelewa kukaa au kusimama, wenye mguu kifundo, na waliozaliwa kwa shida mkono mmoja ukabaki umelegea.

Huo mkono uliolegea nausemea kidogo. Mtoto mkubwa akikwama mabega wakati wa kuzaliwa, mishipa ya fahamu ya shingoni inaweza kuvutika. Utaona mkono umelala tu ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma, wakati mwingine unajongea. Watoto wengi hupona, lakini lazima waanze kuonwa ndani ya wiki za kwanza ili viungo visikaze. Usimwinue kwa kumvuta mikono. Kama mtoto amefikisha miezi mitatu na hawezi kukunja kiwiko, anatakiwa kuonwa na daktari wa upasuaji, si kuendelea kusubiri nyumbani.

*Wanawake.* Hapa akina mama wananong'ona. Mkojo unatoka ukikohoa, ukicheka, ukiinua ndoo ya maji. Wengi wanadhani ndiyo ada ya kuzaa. Si ada. Misuli inayoshikilia kibofu na kizazi chini ya nyonga hulegea kwa ujauzito na kujifungua, nayo ina mazoezi yake. Kaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana pumzi wala makalio, hesabu hadi tano, legeza kabisa, rudia mara 8 hadi 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu bila kukatisha. Unaweza kufanya ukiwa umeketi kibandani unauza nyanya, hakuna atakayejua. Usijizoeze kufanya wakati unakojoa. Kama huoni mabadiliko, mtaalamu wa fiziotherapia atakupima kama unakaza misuli inayotakiwa, maana wengi wetu tunakaza tumbo.

Ila kama mkojo au choo vinatoka bila kukoma, usiku na mchana, tangu ulipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu, hiyo si kazi ya mazoezi. Huenda ni fistula. Inatibika, wengi kwa upasuaji, na ukiwahi mapema ni bora zaidi. Njoo kituoni, mwambie muuguzi peke yenu. Hutakemewa.

Wale wanaofanana nao

Mkanganyiko mwingi unaanzia hapa. Kuna taaluma jirani ambazo si matawi ya fiziotherapia. Ni ndugu zake, na kila mmoja ana mafunzo yake.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anashughulika na kazi za kila siku: mtoto ashike kijiko vipi, avae nguo vipi, aketi darasani kwenye kiti gani. Mtaalamu wa tiba ya usemi anashughulika na kuongea na lugha, na pia kutafuna na kumeza. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa kila akila uji anahitaji ushauri wa huyu, na kabla hajampata anaweza kuanza na jambo moja: amlishe akiwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kamwe si amelala chali. Halafu yuko fundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, anayetengeneza viatu maalumu, vishikilizi vya mguu na viti. Chuo chao TATCOT, kilicho KCMC, kilianza mwaka 1981 na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kwa hiyo ukiambiwa "nenda kwa yule", mara nyingi hujafukuzwa. Umefika mahali ambapo shida yako imevuka mpaka wa anayekuhudumia.

Mguu kifundo: mfano wa mikono mingi

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, karibu mmoja huzaliwa na mguu mmoja au yote miwili imepinda kuelekea ndani na chini. Si uchawi, si kwa sababu ulikaa vibaya na mimba. Zamani wengi walipasuliwa sana au waliachwa wakakanyagia upande wa juu wa unyayo maisha yao yote. Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alijenga njia nyingine, ambayo leo ndiyo inayotumika duniani kote, na hapa nchini pia, kwa mfano CCBRT Dar es Salaam.

Mguu unanyooshwa taratibu kwa mkono, kisha unafungwa P.O.P. kuanzia vidoleni hadi juu ya paja. Baada ya wiki inatolewa, unanyooshwa tena, unafungwa tena. Mara nyingi zinatosha P.O.P. 5 hadi 7. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo mshipa wa kisigino, kazi ya dakika chache, halafu P.O.P. ya mwisho ya wiki tatu. Baada ya hapo huja viatu vilivyounganishwa na chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa kulala mchana hadi mtoto afike miaka minne au mitano.

Tazama walivyo wengi. Muuguzi au mkunga anayemkagua mtoto anapozaliwa, mtaalamu aliyefundishwa kufunga (huweza kuwa wa fiziotherapia au daktari), daktari wa kukata mshipa, fundi wa viatu, na wewe. Wakifanya kazi kama timu, mtoto atacheza mpira. Mmoja akilegea, mguu unarudi. Na ninayemwona akilegea mara nyingi ni sisi wa nyumbani, kwenye viatu. Mguu umenyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema "mnamtesa", viatu vinawekwa juu ya kabati. Baada ya miezi mguu umepinda upya na safari inaanza mwanzo. Mtoto hulia siku za kwanza, kisha huzoea. Akilia bila kunyamaza, kagua ngozi kama ina jeraha na umrudishe kwa mtaalamu, usivue ukakaa kimya. Na akiwa kwenye P.O.P., vidole vikiwa vya baridi, vyeupe, vya bluu au vimevimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wanapokuambia maneno tofauti

Nilikuwa na mama mmoja, mwanawe ana mtindio wa ubongo. Kituo kimoja walimwambia amsimamishe mtoto kwenye kisimamio kila siku. Kituo kingine, baada ya miezi kadhaa, walimwambia asimsimamishe kabisa, ashughulike na kukaa kwanza. Hakuna aliyemwandikia chochote. Akaacha yote mawili. Alipokuja kwangu nyonga za mtoto zilikuwa zimekaza hata kumbadilisha nepi ilikuwa taabu. Nami sikuwa na haki ya kuwalaumu wenzangu, kwa maana mtoto huyo huyo akiwa na miezi sita bila kukaza shingo, mimi nilimwambia mama "subiri, wengine huchelewa". Leo nisingesema hivyo.

Maneno tofauti hayana maana kwamba mmoja ni mwongo. Huenda mtoto amebadilika. Huenda mmoja aliangalia mifupa na mwingine akaangalia namna anavyokula na kupumua. Huo ndio ubaya wa kubobea: kila mtu anaona vizuri kipande chake. Ndiyo maana lazima awepo mmoja anayeshika mpango mzima, na mara nyingi anayefaa ni yule wa karibu anayekuona mara kwa mara, hata kama si bingwa.

Wataalamu wenyewe hujadiliana kuhusu hili. Wengine wanataka mabingwa wengi zaidi, wengine wanasema nchi yenye wataalamu wachache inahitaji kwanza wanaojua kila kitu kiasi. Mimi si wa taaluma yao, lakini kwa hapa Chunya najua ningemchagua nani. Afadhali mtaalamu mmoja wa kawaida anayepatikana kila wiki, anayejua lini amtume mtoto mbele, kuliko bingwa unayemwona mara moja kwa mwaka baada ya kuuza debe la mahindi kwa ajili ya nauli. Bingwa ahitajike kwa yale yanayomhitaji, kisha aturudishie mtoto pamoja na maelekezo.

Usisubiri ukiona haya

Miezi minne, shingo haijakaza. Ngumi zimekunjwa muda wote baada ya miezi mitatu. Miezi tisa, hajakaa bila kushikwa. Miezi 18, hajatembea. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka (wengi hufurahi, "ni mashoto!", kumbe mkono mwingine una tatizo). Mwili umekakamaa au umelegea kama nguo iliyolowa. Miguu inapishana kama mkasi ukimwinua. Na la hatari kuliko yote: alikuwa anaweza jambo fulani, sasa hawezi tena. Hilo la mwisho halingoji tarehe ya kliniki.

Kama mtoto alizaliwa hajalia, alizaliwa njiti, alipata manjano kali au degedege siku za mwanzo, mwambie muuguzi kila kliniki, hata kama anaonekana mzima. Tutamtazama kwa jicho jingine.

Kutoka Chunya

Anza kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya. Huduma kwa watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali kwa sera ni bila malipo, lakini nauli na chakula cha njiani ni vyako, kwa hiyo safari isiwe ya bure. Ukitokea Makongolosi una kilomita 40 hivi hadi Chunya mjini, halafu 70 hivi hadi Mbeya, na barabara inapanda milima yenye baridi kali asubuhi. Mfunike mtoto vizuri. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kitengo cha fiziotherapia. Kabla hujapanda gari, mwombe aliyekuandikia rufaa apige simu aulize kliniki ya watoto ni siku gani. Kupiga simu dakika mbili kumewaokoa wengi kulala stendi.

Beba kadi ya kliniki, karatasi ya rufaa, picha za eksirei ukiwa nazo, na daftari moja la shule. Daftari hilo ndilo hospitali yako ndogo: kila mtaalamu, awe wa Chunya, Mbeya au Dar es Salaam, mwombe aandike humo amepata nini, mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, na urudi lini. Kama wewe husomi, mwombe akuonyeshe kwa vitendo, nawe umwonyeshe yeye ukimshika mtoto, kabla hujatoka. Ukiwa na simu yenye kamera, mwombe ruhusa umrekodi akifanya zoezi, ili baba, bibi na shangazi nao wamwone.

Na umuulize maswali haya bila kuogopa. Tatizo la mwanangu linaitwaje? Zoezi hili linalenga nini? Nisifanye nini? Dalili gani inirudishe haraka? Yuko mwingine ninayepaswa kumwona, na ninyi wawili mtawasiliana vipi? Hilo la mwisho liulize mara mbili kama hukujibiwa.

Ukirudi, pita kituoni na daftari lako hata kama si siku ya chanjo. Tutalisoma pamoja, na palipo na maneno mawili yanayopingana tutampigia simu mmoja wao tukiwa tumeketi hapo hapo.